Wateja wa Apple hawalilii kipya, wanadai cha zamani

Msimu wa matangazo ya Apple ukikaribia, mambo hufuata njia ile ile. Kampuni inatuma mwaliko wenye picha ya mafumbo na maneno machache, wachambuzi wanamwaga tetesi za kila kitakachotoka, na wateja nao wanaandika wanachokitamani. Siku zikiyoyoma, matamanio yanageuka manung'uniko. Mmoja analalamika kuwa kompyuta anayoitegemea haijaguswa kwa miaka, mwingine anauliza anunue sasa au asubiri, wa tatu ameshakata tamaa kabla hajaona kitu. Halafu wanakuja wafasiri. Kundi moja linasema wateja hawa wamedekezwa na hawashibi, ukiwapa hiki watataka kile. Kundi la pili linasema hizo ni dalili kwamba Apple imeishiwa ubunifu tangu Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wake, alipofariki Oktoba 2011, ndiyo maana watu wanachoka hata kabla ya sherehe yenyewe.

Naona tafsiri zote mbili zimepotoka. Ukikaa ukazisoma orodha za wateja bila haraka, utakuta mengi wanayoyataka hayana upya wowote. Ni vitu vilivyokuwepo vikaondolewa, vilivyoahidiwa vikachelewa, au vilivyoharibika vikaachwa hivyo hivyo. Ni madai, na mdaiwa ana tabia moja inayoudhi kuliko deni lenyewe: hataji tarehe. Hoja yangu ni kwamba hasira ya kabla ya uzinduzi inatokana zaidi na ukimya wa kampuni kuhusu ratiba kuliko na upungufu wa maajabu jukwaani, na kwamba ukimya huo una faida kwa kampuni, faida ambayo gharama yake inabebwa na wateja.

Chukua mkasa wa Mac Pro, kompyuta ya mezani ya wahariri wa filamu, watunzi wa muziki, wanasayansi na waandishi wa programu. Juni 2013 Apple ilionyesha toleo jipya lenye umbo la silinda nyeusi, na Phil Schiller, mkuu wa masoko wakati huo, akawakejeli jukwaani wale waliokuwa wakisema kampuni haiwezi tena kubuni. Ilikuwa mashine ya kupendeza kuitazama. Tatizo ni kwamba prosesa na kadi mbili za michoro zilipozwa kwa pamoja na kiini kimoja cha katikati, na soko lilipoelekea kwenye kadi moja kubwa inayotoa joto jingi, silinda ile haikuwa na pa kuiweka. Mwaka 2014 ukapita bila toleo jipya, 2015 ukapita, 2016 nao ukapita. Kabla ya kila uzinduzi wateja waliuliza, na baada ya kila uzinduzi walibaki na kimya. Aprili 2017 Apple iliwaita waandishi wa habari wachache ikafanya jambo lisilo desturi yake: ilikiri. Craig Federighi, mkuu wa programu, alieleza kwamba walikuwa wamejibana wenyewe kwenye kona ya joto, na Schiller akasema mashine mpya inakuja, ila si mwaka huo. Ilitangazwa Juni 2019, ikaanza kuuzwa Desemba. Kwa mtu anayekula kwa kuhariri filamu, miaka sita ni muda wa kubadili kazi.

Na mashine hiyo ya 2019 ilikuwa nini? Ilikuwa sanduku linalofunguka, lenye nafasi za kuchomeka kadi, yaani kile kile wateja walichokuwa nacho kabla ya silinda na walichokuwa wakikiomba muda wote. Hakuna muujiza ulioombwa. Deni lililipwa, ingawa mdaiwa ndiye aliyejipangia masharti: bei ilianzia dola 5,999, na ilipotajwa kuwa stendi ya skrini yake inauzwa peke yake kwa dola 999, ukumbi uliguna, ukumbi wa waandishi wa programu ambao kwa kawaida hupigia makofi kila kitu.

Kwenye kompyuta mpakato hadithi ni hiyo hiyo, ila iligusa watu wengi zaidi. Mwaka 2015 Apple ilileta kibodi nyembamba mno, ile iliyokuja kujulikana kama kibodi ya kipepeo, na mwaka uliofuata ikaiingiza kwenye MacBook Pro. Chembe ya vumbi ilitosha kuifanya herufi igome kuandika, au ijiandike mara mbili. MacBook Pro hiyo ya Oktoba 2016 iliondoa pia tundu la HDMI la kuunganishia skrini, nafasi ya kadi ya kumbukumbu na chaja ya sumaku ya MagSafe, na kwenye matoleo ya bei ya juu ikaondoa vitufe vya safu ya juu na kuweka kioo cha kugusa kilichoitwa Touch Bar. Kwa miaka mitatu ombi la kabla ya uzinduzi lilikuwa moja: turudishieni kibodi inayoandika. Juni 2018 kampuni ilianzisha mpango wa kuzitengeneza bure, huku ikiendelea kuuza kompyuta zenye kibodi za aina hiyo hiyo. Kibodi ya kawaida ilirudi Novemba 2019 kwenye MacBook Pro ya inchi 16. HDMI, nafasi ya kadi, MagSafe na vitufe halisi vya juu vilirudi Oktoba 2021. Chipu za M1 Pro na M1 Max zilizotoka siku hiyo zilistahili sifa zote zilizopewa, lakini sehemu kubwa ya shangwe ilikuwa ya watu wazima wakishangilia matundu. Kesi ya wateja kuhusu kibodi ilimalizwa mwaka 2022 kwa Apple kukubali kutoa dola milioni 50 bila kukiri kosa.

Anayeshikilia kwamba wateja wanataka vipya tu ana kazi ya kutueleza Snow Leopard. Toleo hilo la mfumo wa Mac lilitoka 2009 kwa dola 29, na Apple yenyewe ililinadi kwa utani kwamba lina vipya sifuri. Kazi ilifanyika ndani, mahali mteja hapaoni: kasi, uthabiti, nafasi iliyookolewa kwenye diski. Hadi leo kuna watumiaji wanaolitaja kama kipimo cha namna mfumo unavyopaswa kuwa, na kila mwaka mtu fulani huomba Snow Leopard nyingine. Au tazama kikokotoo cha iPad. Kifaa kilitoka 2010, programu ya kikokotoo ya Apple yenyewe ikafika humo 2024. Mtu aliyesubiri kikokotoo kwa miaka 14 huwezi kumwita mlafi wa teknolojia.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapo ndipo penye uchungu. Ninunue sasa au nisubiri? Hakuna swali linaloulizwa zaidi kabla ya uzinduzi, na hakuna linalodharauliwa zaidi na wachambuzi. Mwenye studio ndogo ana bajeti moja kwa mwaka. Shule ikishanunua kompyuta za darasa zima, hairudi tena dukani mwezi unaofuata. Mwandishi wa programu anahitaji kujua kifaa anachokijengea kitadumu sokoni au la. Watu hawa wakinunua wiki mbili kabla ya toleo jipya wamepoteza, na wakisubiri toleo lisilokuja wamepoteza pia. Walionunua iPhone ya kwanza mwishoni mwa Juni 2007 kwa dola 599 waliiona bei ikishuka hadi dola 399 mwanzoni mwa Septemba. Hasira ilikuwa kubwa kiasi kwamba Jobs aliandika barua ya wazi na kuwapa dola 100 za kununulia vitu kwenye maduka ya Apple. Simu yenyewe waliipenda. Kilichowauma ni kugundua kwamba wao ndio waliokuwa gizani peke yao kwenye biashara ya watu wawili.

Linganisha bidhaa zenye ratiba na zisizo nayo. iPhone mpya hutoka Septemba karibu kila mwaka (2020 zilisogea hadi Oktoba na Novemba kwa sababu ya korona), kwa hiyo anayeinunua Agosti anajua amejitakia. Malalamiko yake yatahusu kamera, rangi na bei. Mac mini, kompyuta yake ndogo ya mezani, kwa upande wake ilisasishwa Oktoba 2014 kisha ikakaa hadi Oktoba 2018. Katikati ya ukimya huo mteja mmoja alimwandikia mkurugenzi mkuu, Tim Cook, barua pepe kuulizia, naye Cook akajibu, Oktoba 2017, kwamba Mac mini itakuwa sehemu muhimu ya bidhaa za kampuni siku zijazo, ila wakati wa kutoa maelezo haujafika. Ni jibu la adabu. Lakini lisome ukiwa mtu anayeendesha seva zake kwa mashine hiyo: linakwambia usiondoke, halikwambii usubiri mpaka lini.

Utetezi wa kampuni si wa kupuuzwa, na ulio na nguvu kuliko wote una jina la mtu. Kampuni ya Osborne Computer ilianza kuuza Osborne 1 mwaka 1981 kwa dola 1,795, kompyuta ya kubebeka yenye kioo cha inchi tano, na mauzo yakapaa. Mwanzoni mwa 1983 mwanzilishi wake, Adam Osborne, akaanza kuzungumzia kompyuta zitakazofuata kabla hazijawa tayari. Kwa simulizi iliyozoeleka, wenye maduka waliacha kuagiza ile iliyopo, fedha zikakauka, na Septemba 1983 kampuni ikafilisika. Tangu hapo wakurugenzi wa kampuni za teknolojia wamefundishwa kufunga mdomo. Ongeza washindani wanaonakili, ongeza ukweli kwamba vifaa vingi huishia maabara, na ukimya unaanza kuonekana busara tupu.

Ila hata simulizi hiyo imerahisishwa. Kompyuta shindani ya Kaypro II ilikuwa imeshaingia sokoni 1982 ikiwa na kioo cha inchi tisa, na kompyuta zinazooana na IBM zilikuwa zinakuja kwa kasi. Wapo wanaosema, na naona wana hoja, kwamba Osborne aliangushwa na washindani hao na usimamizi wa fedha kuliko na mdomo wake. Hata tukikubali kwamba mdomo ulichangia, alichokifanya yeye ni kuitangaza bidhaa mpya kwa mbwembwe wakati ghala limejaa ya zamani na yeye hana akiba. Kampuni yenye fedha nyingi kuliko hazina za nchi kadhaa haiko kwenye hali hiyo.

Ushahidi mzuri zaidi dhidi ya hofu ya Osborne umetolewa na Apple yenyewe. Juni 2020 ilitangaza kwamba itaachana na prosesa za Intel na kuhamia kwenye chipu zake, na kwamba kuhama kutachukua kama miaka miwili. Ilikuwa sawa na kumwambia kila mnunuzi wa Mac kwamba anachonunua leo kinaelekea kupitwa. Kwa mantiki ya Osborne mauzo yangeporomoka. Mapato ya Mac yalikuwa dola bilioni 25.7 mwaka wa fedha 2019, yakafika bilioni 28.6 mwaka 2020 na bilioni 35.2 mwaka 2021. Korona iliwafungia watu nyumbani na kuwafanya wanunue kompyuta, kwa hiyo sitadai kwamba uwazi ndio uliouza. Ninachodai ni kidogo zaidi: uwazi haukuua. Aliyehitaji kompyuta siku ile alinunua akijua anaingia kwenye nini, aliyeweza kusubiri akasubiri, na M1, ya kwanza ya chipu hizo kwenye Mac, ilipotoka Novemba hakuna aliyekuwa na haki ya kusema ameshtukizwa. Na tusisahau kwa nini Apple ilisema mapema. Ilihitaji waandishi wa programu waandae programu zao kwa chipu mpya. Yaani inajua kutaja tarehe vizuri sana pale yenyewe inapokuwa na shida na mtu.

Mtetezi wa ukimya hapo atakuletea Siri, msaidizi wa sauti wa Apple. Juni 2024 Apple ilionyesha Siri mpya ya akili mnemba ambayo ungeweza kuiuliza ndege ya mama yako inatua saa ngapi, nayo ingepekua barua pepe na ujumbe wako ikakujibu. Septemba iPhone 16 ikauzwa kwa tangazo kwamba imeundwa kwa ajili ya Apple Intelligence, jina la akili mnemba ya kampuni hiyo. Vipengele vya kwanza vikaanza kufika mwishoni mwa Oktoba, na ile Siri yenyewe, Machi 2025, ikaahirishwa. Tangazo la televisheni lililoionyesha likaondolewa, kesi zikafunguliwa Marekani. Mmeona, anasema mtetezi, kampuni ilifungua mdomo mapema ikaumbuka. Kabla ya hapo kulikuwa na AirPower, kibao cha kuchajia vifaa vitatu kwa pamoja, kilichotangazwa Septemba 2017 na kufutwa Machi 2019 bila hata kimoja kuuzwa.

Mimi visa hivi navisoma kinyume. Kwenye AirPower, wateja hawakukasirishwa na kutangaziwa mapema. Uhandisi una kushindwa kwake na watu wazima wanalielewa hilo. Walikasirishwa na miezi kumi na minane ya kutoambiwa chochote, na katikati yake, Septemba 2018, kutajwa kwa kifaa hicho kulifutwa karibu kote kwenye tovuti ya kampuni na kuwaacha watu wakibahatisha. Kwenye Siri, jambo lililoleta kesi mahakamani ni kuitumia ahadi kama sababu ya kununua simu ya siku hiyo. Kusema "tunatengeneza hiki, tunatarajia kiwe tayari kipindi fulani, tukichelewa tutawaeleza" ni tofauti kabisa na kukiweka kwenye tangazo la biashara kana kwamba kipo mfukoni. Kampuni iliyozoea kusema ama kila kitu kwa shangwe ama hakuna kabisa haina sauti ya katikati, ile sauti ya kawaida ambayo fundi yeyote mwaminifu huitumia kwa mteja wake. Somo ambalo wengi wamelitoa kwenye aibu ya Siri, kwamba dawa ni kunyamaza zaidi, litaleta AirPower nyingine.

Kuna hoja ya pili ya kampuni ambayo naipa uzito, nayo ni kwamba wateja husema hiki wakanunua kile. Kwa miaka watu waliomba iPhone ndogo. Zikaja iPhone 12 mini mwaka 2020 na 13 mini mwaka 2021, mauzo hayakuridhisha, na matoleo ya 2022 yalipotoka hapakuwa na mini. Waliozipenda wanazikumbuka mpaka leo, lakini upendo wao haukutosha kuendesha kiwanda. Kampuni isiyojua kukataa maombi itatengeneza kitu cha ajabu kisicho na mwenyewe. Hapa wateja nao wana lawama yao. Kwenye kelele za kabla ya uzinduzi wanachanganya matamanio na madai: simu inayokunjwa mara tatu, betri ya wiki nzima, kompyuta ya bei ya nusu, na katikati ya hayo yote kibodi inayogoma. Simu ndogo ni tamanio, na kampuni ina hiari nalo. Kibodi imeshalipiwa. Vikiwekwa kwenye kapu moja, mwenye kapu anapata kisingizio cha kulitupa lote.

Na tetesi huzidisha mkanganyiko. Kwa kuwa kampuni haisemi, kalenda pekee aliyonayo mteja ni ya wavujishaji, ambao wengine hupata kweli kutoka viwandani na wengine hubahatisha. Mvujishaji akisema Mac mpya inatoka Machi, mwenye studio anasogeza bajeti yake. Machi ikipita kavu, anajisikia ameahidiwa akadanganywa, ilhali Apple haikuahidi chochote. Kampuni hujitetea kwamba haiwajibiki kwa uvumi, na kisheria ni kweli. Lakini iliacha pengo, pengo likajazwa, na kila mwaka inavuna msisimko wa bure kutokana na uvumi ule ule inaoukana.

Niingie sasa kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayorudiwa zaidi: hupendi, usinunue, nenda kwa mwingine. Ingekuwa kweli kama tungekuwa tunazungumzia miavuli. Mtu mwenye picha za miaka kumi kwenye iCloud, hifadhi ya mtandaoni ya Apple, programu alizozilipia, saa isiyofanya kazi na simu ya kampuni nyingine, na familia nzima kwenye kundi la iMessage, hahami kwa sababu tundu limeondolewa. Anahama kwa gharama, na gharama hiyo haikuja kwa bahati mbaya. Wizara ya Sheria ya Marekani pamoja na majimbo kadhaa waliishtaki Apple Machi 2024 wakidai kwamba imejenga vizuizi vya kumfunga mteja kwenye iPhone. Apple inakana, na mahakama ndiyo itakayoamua. Lakini huhitaji hukumu kuona kwamba ushauri wa "nenda kwa mwingine" unapewa mtu ambaye mlango umeshafungwa nyuma yake.

Dada yake hoja hiyo ni ile ya kwamba wanaolalamika ni wachache wenye sauti kubwa. Kwa idadi ni kweli. Mwaka 2017 Schiller mwenyewe alisema Mac Pro ni asilimia isiyofika kumi ya kompyuta walizouza. Lakini wachache hao ndio wanaotengeneza programu, filamu na muziki ambavyo wengine wote hununua vifaa ili wavitumie. Kampuni yenyewe ilijua hivyo, vinginevyo isingewaita waandishi wa habari kuomba radhi kwa mashine iliyokuwa inauzwa kidogo kiasi hicho.

Mpaka hapa mtu anaweza kudhani ukimya ni desturi tu, kiburi cha kurithi kutoka enzi za Jobs. Kisa cha betri kinaonyesha kuna zaidi. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba masasisho yake yalikuwa yakipunguza kasi ya iPhone zenye betri zilizochakaa, ili zisizime ghafla. Sababu ya kiufundi ilikuwa halali. Ubaya ni kwamba mwenye simu hakuelezwa: aliona simu imekuwa nzito, akahitimisha imezeeka, akaanza kuutazama uzinduzi ujao kwa hamu. Baada ya kelele, bei ya kubadilisha betri ilishushwa kutoka dola 79 hadi 29 kwa mwaka mzima wa 2018. Tarehe 2 Januari 2019 Tim Cook akawaandikia wawekezaji kwamba mapato ya robo mwaka yangekuwa kama dola bilioni 84, wakati makadirio ya awali yalikuwa kati ya bilioni 89 na 93. Lawama kubwa ilikwenda kwa soko la China, lakini miongoni mwa sababu alizozitaja ni wateja kutumia fursa ya betri za bei nafuu. Fikiria maana yake. Mteja alipopewa taarifa kamili na betri ya dola 29, alitulia na simu yake. Sehemu fulani ya hamu inayoonekana kabla ya kila uzinduzi, hamu inayosifiwa kama mapenzi ya chapa, ni ya watu ambao hawajaambiwa kwamba walichonacho kinaweza kutengenezeka.

Ndiyo maana sitarajii kampuni ijirekebishe kwa hiari, na historia ya karibuni inaniunga mkono. Tundu la USB-C liliombwa kwenye iPhone kwa miaka. Lilikuja Septemba 2023 na iPhone 15, baada ya Umoja wa Ulaya kupitisha sheria ya chaja ya aina moja mwaka 2022, na sheria hiyo ilianza kuzibana simu mwishoni mwa Desemba 2024. Apple ilipinga kwa hoja kwamba sheria inaua ubunifu, kisha ikalionyesha tundu hilo jukwaani kama zawadi. Tangu Juni 2025 Ulaya pia inawataka watengenezaji wa simu kuhakikisha vipuri muhimu vinapatikana kwa miaka saba baada ya modeli kuacha kuuzwa. Ushindani nao umesukuma kidogo: Google iliahidi miaka saba ya masasisho kwa Pixel 8 mwaka 2023, na Samsung ikafuata na Galaxy S24 miezi michache baadaye. Ahadi hizo hazikuzuia mtu kununua. Zilitumiwa kwenye matangazo kama sababu ya kununua.

Kwa mteja, athari ya haya yote ni ya vitendo. Dai linalofaa kupelekwa kwa kampuni kabla ya uzinduzi ni fupi na halihusu vipya: modeli hii itasasishwa mpaka mwaka gani, betri na skrini zitapatikana mpaka lini, na kama bidhaa imeachwa, semeni imeachwa ili mwenye studio ajue anahamia wapi. Kwa waandishi wa habari wanaoalikwa, maswali hayo yana thamani kuliko dakika ishirini za kushikashika simu mpya mezani, ingawa nakiri hayavutii macho kama picha za rangi mpya.

Kampuni ikijibu kwamba taarifa za namna hiyo ni siri ya biashara, kuna karatasi moja ya kuionyesha. Sheria ya Uingereza ya usalama wa vifaa vinavyounganishwa na intaneti ilianza kutumika tarehe 29 Aprili 2024, ikimtaka mtengenezaji aandike muda wa chini ambao kifaa kitapata masasisho ya usalama. Apple ikaandika: kwa iPhone 15 Pro Max, angalau miaka mitano tangu ilipoanza kuuzwa. Ni mstari mmoja. Haukufichua chipu yoyote, haukumpa mshindani kitu, na iPhone ziliendelea kuuzwa. Mnunuzi wa simu hiyo hiyo nje ya Uingereza hana tangazo la namna hiyo lililoandikwa kwa jina lake, kwa sababu hakuna aliyeilazimisha kampuni kumwandikia.